Jembe la Jirani: Kitenzi -okoka na Usanii wa Ushuhuda katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Uhakiki wa fasihi ya Kikristo katika Kiswahili umezoea kuanzia kwenye maandishi, na hasa kwenye tendi. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, ndiye anayetajwa kwanza, na anastahili: Utenzi wa Enjili Takatifu (1963) na Utenzi wa Zaburi (1965) ni kazi za mshairi aliyeyapokea maumbo ya pwani, yaliyolelewa kwa karne nyingi na Waislamu, akayabebesha Maandiko ya imani yake bila kuyavunja. Lakini tendi hizo husimulia mambo makuu ya wokovu. Hazikukusudiwa kutueleza jinsi Mkristo aliyempa Mungu moyo wake wote anavyoipitisha siku ya Jumanne: anavyodai deni, anavyogombana na mkewe, anavyopima unga dukani. Riwaya nayo haitusaidii sana. Humo mtu wa dini mara nyingi huwa mnafiki au mwathiriwa wa wanafiki. Padri Madevu katika Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi ni mfano unaojulikana. Kejeli hiyo ina haki yake. Hata hivyo inaacha swali moja bila jibu: je, ucha Mungu wa kila siku, ule usio na jukwaa wala kanzu, umepata kutungwa kwa Kiswahili mahali popote kwa ustadi unaostahili kuhakikiwa?

Makala haya yanadai kwamba umetungwa, na kwamba utanzu wake ni ushuhuda, hususan ushuhuda uliokuzwa katika vikundi vya ushirika vya Uamsho wa Afrika Mashariki. Wanahistoria wameutumia ushuhuda huo kwa muda mrefu kama chanzo cha habari. Derek Peterson (2012), kwa mfano, ameonyesha jinsi masimulizi ya toba yalivyowatenga waamini na jamii za kikabila zilizotaka utii wao. Sisi wa fasihi tumeuacha upite. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989), ambao bado unatawala mitaala yetu ya fasihi simulizi, masimulizi yenye chembe za ukweli huwekwa chini ya salua, pamoja na kumbukumbu. Ushuhuda ungeweza kupachikwa hapo bila ugomvi. Hata hivyo ni vigumu kumwona mwanafunzi wa uzamili akienda na kinasa sauti kwenye ushirika wa Jumatano jioni kama aendavyo kwa bibi anayetamba ngano. Nadhani sababu si ya kinadharia. Tunaona haya.

Historia yenyewe yatosha kuigusa kwa ufupi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ulisambaa Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937 na Tanganyika kabla ya muongo huo kwisha. Uamsho haukuanzisha kanisa jipya. Ulibaki ndani ya makanisa yaliyokuwapo, Anglikana kwa sehemu kubwa, ukiyasumbua. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiganda, na wimbo wake maarufu, Tukutendereza, umebaki na jina hilo la Kiganda hata midomoni mwa wasioijua lugha hiyo. Ulipovuka mipaka ya makabila, hasa Kenya na Tanganyika, Kiswahili kilipata kazi mpya, nayo ni kuwa lugha ya kuungama mbele ya mtu asiye wa ukoo wako.

Hapo ndipo kitenzi -okoka kinapodai nafasi yake. Kwa Mswahili wa kawaida kuokoka ni kunusurika: mtu ameokoka katika ajali, chombo kimeokoka na dhoruba. Ni kauli ya kutendeka iliyonyambuliwa kutoka -okoa, na kama kauli hiyo ifanyavyo kwa kawaida, haimtaji mtenda. Biblia ya Muungano (1952) ina vyote viwili. Swali la mlinzi wa gereza wa Filipi katika Matendo ya Mitume limefasiriwa kwa -okoka, ilhali Waraka kwa Waefeso, sura ya 2, unatumia kauli ya kutendwa, -okolewa, na mara hiyohiyo unataja neema iliyookoa. Mtaalamu wa theolojia angetarajia watu wa Uamsho, waliohubiri neema tupu, wachague kauli ya pili. Hawakufanya hivyo. Walisema na wanasema “nimeokoka”.

Uchaguzi huo si uzembe wa kisarufi. Kiambishi -me- hapa kinabeba hali iliyoanza na ambayo bado ingalipo, kama katika “amelala” au “amechoka”. Ndiyo maana “niliokoka mwaka fulani”, ingawa husemwa, hudai nyongeza: na sasa je? Ukiunganisha -me- ya hali na -k- isiyotaja mtenda, unapata sentensi inayomhusu msemaji jinsi alivyo leo na wala si tukio lililompata. “Nimeokoka” huweza kukaguliwa na jirani. “Nimeokolewa” ni habari kuhusu Mungu, na jirani hana njia ya kuikagua. Hivyo kitenzi chenyewe kinafungua mlango wa maisha ya kila siku kuwa ushahidi, na ushirika unaposikia neno hilo huwa una haki ya kungojea vielelezo.

Jambo la pembeni lakini lenye maana: jina ambalo watu wa nje huwapa ni “walokole”, nomino iliyokopwa kutoka Kiganda, ambako kuokoka huitwa kulokoka. Vitenzi hivyo viwili ni ndugu wa shina moja. Kiswahili kimedondosha l kati ya irabu kama kilivyofanya katika maneno mengi. Kiswahili kilikuwa na malighafi ya kuunda jina lake, kikakopa. Matokeo yake ni mgawanyo wa kazi: aliye ndani hutumia kitenzi cha Kiswahili, aliye nje hutumia nomino ya mkopo, mara nyingi kwa mzaha kidogo. Aliye ndani husema alivyo, wa nje humtia katika kundi.

Tuje kwenye utanzu wenyewe. Kielelezo kifuatacho nimekitunga kutokana na fomula na mpangilio uliozoeleka. Si nukuu ya mtu yeyote.

“Bwana asifiwe, ndugu. Ninamshukuru Yesu kwa kuwa nimeokoka. Jumatatu nilikwenda shambani, nikaliona jembe la jirani yangu, lile nililoliazima tangu mvua za vuli. Nikasema moyoni, atakuja kulichukua mwenyewe. Nikalima nalo. Jioni nikashindwa kuomba. Nikalibeba usiku uleule, nikampelekea, nikamwambia: nilikuwa nimelinyamazia ili liwe langu. Yeye akacheka. Lakini mimi nina amani.”

Ufunguzi na salamu ni fomula, na hadhira hujibu. Baada yake -li- hutokea mara moja kuweka wakati, kisha -ka- inashika usukani: nikaliona, nikasema, nikalima, nikashindwa, nikalibeba. Mfuatano huu ndio wa ngano zetu. Tofauti ni kwamba katika ngano -ka- huharakisha safari ya shujaa kuelekea jambo kubwa; hapa inaharakisha safari ya mtu mzima kuelekea kwenye aibu ndogo. Mwisho hauna mfuatano tena: “nina amani”, hali, kama “nimeokoka” ya mwanzo. Matukio yote yamebanwa katikati ya hali mbili.

Uzito wote, kwa maoni yangu, umo katika -nyamazia. Mtu huyu hakuiba. Hakusema uongo. Alinyamaza, na unyambuaji wa kutendea ukampa njia ya kusema kwamba kunyamaza nako kulikuwa na shabaha: alilinyamazia jembe. Sheria ya serikali haina kosa kama hilo, na sidhani kama baraza lolote la kanisa lingemwita mtu kwa sababu yake. Dhambi imepatikana ndani ya mofolojia. Hapa ndipo ucha Mungu wa moyo wote unapojipambanua na ule wa kutimiza amri: amri hukagua tendo, na ushuhuda hukagua hata lile tendo ambalo halikutendwa. Na kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo dai linavyokuwa kubwa. Msimulizi anayetubu mauaji anatuambia kwamba moyo wake uligeuka. Anayetubu jembe anatuambia kwamba hakuna kona ya moyo aliyobakiza.

Kicheko cha jirani nacho hakipaswi kurukwa. Mwenye jembe haoni cha kusamehe. Fanani anakiacha kicheko hicho ndani ya simulizi, bila kukijibu, na kwa hilo anakubali kwamba kwa mizani ya kijiji yeye ni kichekesho. Msimulizi dhaifu angekiondoa, au angemfanya jirani alie na kuokoka papo hapo.

Wanaoona udogo huu kuwa utoto wa kiroho hupenda kuuliza ulikuwa wapi wakati wa mambo makubwa. Jibu la historia ni gumu kwao. Katika miaka ya 1950, Kenya ya Kati, walokole wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, baadhi waliuawa. Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977, alikuwa ameokoka mwaka 1948, akiwa mwalimu wa shule. Sidai kwamba jembe lililorudishwa huzaa shahidi. Ninalodai ni la lugha: mtu aliyezoea kusema mbele ya watu thelathini kwamba kunyamaza kwake kulikuwa wizi amekwisha kupata msamiati wa kukataa kunyamaza panapo hatari. Tumeandika na kutafsiri maisha ya mashahidi wachache. Shuhuda za majembe, zilizoujenga msamiati huo, tumeziacha zife na wasemaji wao.

Utanzu huu una hatari yake ya ndani, na mhakiki asiifunike kwa heshima. Anayeungama haungami peke yake. Mzinzi ana mwenzake. Mwizi ana aliyempokelea. Mke anayesimulia ugomvi wa nyumbani anamvua nguo mume aliyeketi safu ya pili au, vibaya zaidi, asiyekuwapo kabisa. Wasimulizi hodari wamebuni mbinu za kukabili jambo hili: “mtu fulani”, “jirani mmoja”, kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, na pale inapobidi, kumwendea mhusika kwanza kabla ya kusimama. Lakini katika kijiji cha kaya arobaini “jirani mmoja” ana jina. Kila aliyehudhuria atamaliza sentensi kichwani mwake. Hapa adili ya moyo mweupe na adili ya kusitiri, ambayo jamii zetu za Waswahili, za Kikristo na za Kiislamu, huithamini mno, hugongana waziwazi. Sijaona namna ya kuzipatanisha kinadharia. Namna pekee iliyopo ni ya kisanaa: kuchagua undani unaomvua msimulizi tu. Jembe ni chaguo zuri kwa sababu mwenye jembe hana aibu yoyote. Ndiyo maana hata swali la maadili hapa halina budi kupitia kwa mhakiki: ubora wa utunzi na haki kwa mtu wa tatu ni kitu kimoja.

Hatari ya pili ni fomula kula kisa. Ushirika wa kale ulikuwa na kinga yake, kwa kuwa hadhira haikuwa kimya. Wimbo wa kuitikia uliweza kumpokea msemaji, na uliweza pia kumkatiza aliyeanza kujisifu. Mzee aliweza kuuliza swali. Pale hadhira inapogeuka kuwa watazamaji, kinga hiyo huondoka, na kinachobaki ni “nimeokoka, ninampenda Yesu” na kukaa chini.

Mabadiliko makubwa zaidi yanaonekana katika ushuhuda wa kipaza sauti na televisheni, ambao leo ndio unaosikika kwa wengi. Tofauti yake na ule wa Uamsho huelezwa kwa kawaida kwa hoja za mafundisho: mafanikio dhidi ya msalaba. Ninapendekeza tuitazame kwanza katika vitenzi, na hasa katika mwelekeo wa kitu. Katika ushuhuda wa kale vitenzi vikuu ni -rudisha, -lipa, -achilia, -endea, -omba msamaha. Yambwa inaondoka mikononi mwa msimulizi na kwenda kwa mwingine. Katika ule mpya ni -pokea, -pata, -funguliwa, -inuliwa: yambwa inamjia, au yeye mwenyewe anakuwa yambwa iliyopandishwa na kuwa kiima cha kauli ya kutendwa. Mtenda aliyekosekana katika “nimeokoka” sasa anatajwa kila sentensi, Mungu amenitendea, na kwa mtazamo wa sarufi hilo lingeonekana kuwa ucha Mungu zaidi. Lakini jirani ametoweka. Hakuna mlango unaobishwa usiku, wala mtu wa kucheka. Msimulizi anaweza kupokea gari, kazi na uponyaji, kuanzia salamu hadi “amina”, bila kukutana na binadamu mwingine hata mmoja ambaye ana deni naye. Mtafiti atakayekusanya shuhuda za aina zote mbili, akahesabu ni mara ngapi mtu wa tatu hupewa sauti hata ya kicheko, atakuwa na data ambayo mpaka sasa haimo katika maktaba zetu. Na wazee waliozisema zile za kwanza wanazidi kupungua.