Remmy Ongala: Kiswahili chake kilinoga alipoimbia wanyonge wenzake

MWANAFUNZI mmoja wa kidato cha tatu hapa Isiolo aliniuliza majuzi: “Mwalimu, nikitaka kumjua Remmy Ongala, nianze na albamu gani?” Swali ni fupi lakini jibu lake si jepesi, kwa maana albamu za Remmy hazilingani. Kuna zile ambazo hutachoka kuzirudia, na kuna nyimbo ambazo ukizisikiliza mara moja, basi, umemaliza.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka wa 1947. Alitua Dar es Salaam mwaka wa 1978, akapigia Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila hadi jina lake likawa kubwa kuliko la bendi. Mtindo wake aliuita ‘ubongo’. Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo kuna mahali Dar panapoitwa Sinza kwa Remmy.

Msikilizaji anaweza kudhani kwamba tofauti ya albamu hizi ni mitambo tu. La hasha! Nionavyo mimi, tofauti ni lugha, hasa swali hili: je, mwimbaji anazungumza na nani?

Tuanze na Nalilia Mwana, iliyotolewa Uingereza mwaka wa 1988 kutokana na rekodi za Tanzania. Sauti yake si safi sana. Lakini hebu tazama majina ya nyimbo: ‘Ndumila Kuwili’, ‘Mnyonge Hana Haki’, ‘Tembea Ujionee’. Haya ni maneno ya barazani, ya watu wanaojuana. Remmy haimbi tu; anasema, anashauri, anasuta, na magita yanamsubiri amalize. Ukiwa umefumba macho utadhani uko ukumbini.

Mwaka wa 1989 alirekodi Songs for the Poor Man katika studio za Real World, kampuni ya Peter Gabriel, kule Uingereza. Hapa magita yanasikika moja moja kama shanga kwenye uzi. Ni kazi nzuri, tena sana, kwa sababu Kiswahili hakikuguswa. ‘Kipenda Roho’ ni nusu ya methali. Ile nusu ya nyama mbichi anaachiwa msikilizaji aimalize mwenyewe. Ujirani wa namna hiyo hauwezi kutafsiriwa.

Jina la albamu lenyewe ndilo linaloonyesha ufa. Ndani mna wimbo ‘Sauti ya Mnyonge’, lakini nje pameandikwa ‘poor man’, yaani maskini. Maskini amekosa mali. Mnyonge amekosa nguvu na mtetezi, hata kama ana ng’ombe mia. Mfugaji yeyote wa Isiolo aliyewahi kuzungushwa ofisini ataielewa tofauti hiyo bila kamusi.

Ufa huo ulipanuka katika Mambo ya mwaka wa 1992. Remmy anaimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama vile ‘One World’ na ‘No Money, No Life’. Nia yake ilikuwa njema, ati dunia nzima imwelewe. Lakini mtu yule yule aliyekuwa akisuta kwa mafumbo sasa anatoa kauli bapa ambazo yeyote angezitoa. Kisha inaingia ‘Inchi Yetu’, kwa tamshi la ‘inchi’ linalosikika sana Kongo badala ya ‘nchi’, na mzee anarudi nyumbani. Albamu moja, waimbaji wawili.

Ushahidi wangu wa mwisho ni ‘Mambo kwa Soksi’, wimbo wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukitisha. Radio Tanzania ilikataa kuucheza, lakini ulipendwa kumbini. ‘Soksi’ ni tasfida safi: mtoto anasikia vazi la mguuni, mtu mzima anacheka na kuelewa. Tasfida huhitaji hadhira inayoshiriki siri. Jukwaani Remmy alikuwa nayo.

Kwa hivyo, anayeanza na aanze na Nalilia Mwana, afuatishe Songs for the Poor Man, na katika Mambo achague. Na sisi walimu tuache kufundisha wimbo kama shairi lililokauka kwenye karatasi. Tuulize uliimbiwa nani, wapi, na hadhira ilijibu vipi.

Kwa vijana wetu wanaorekodi, jambo hili lina uzito zaidi. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu. Kwa wengi wetu Kiswahili ni lugha ya kukutania, kila mtu na lafudhi yake. Remmy naye alikuja nacho kutoka Kindu, na lafudhi hiyo haikumpunguzia kitu. Kilichompunguzia ni kuwapa kisogo waliokuwa wakimjibu.