Kila Kompyuta na Nywila Yake

Mfanyakazi wa kitengo cha TEHAMA ameacha kazi. Amerudisha kitambulisho na kompyuta mpakato, na akaunti yake ya mtandao imefungwa siku hiyohiyo. Kilichobaki kichwani mwake ni nywila ya Administrator, akaunti ya msimamizi iliyomo ndani ya kila kompyuta ya Windows pale ofisini.

Nywila hiyo ni moja kwa mashine zote, na sababu inaeleweka. Fundi aliandaa kompyuta moja vizuri, akanakili diski yake nzima, akaimwaga nakala hiyo kwenye nyingine zote. Programu zilinakiliwa, na nywila nayo ikanakiliwa. Sasa inatakiwa kubadilishwa kote, na hakuna mwenye muda wa kupita meza kwa meza.

Hapo mafundi wengi hukimbilia skripti. Majina ya kompyuta huandikwa kwenye faili, jina moja kila mstari. Skripti husoma jina, huifikia mashine hiyo kupitia mtandao, hubadilisha nywila, kisha huenda kwa inayofuata. Ukitumia PsPasswd, mojawapo ya zana za Sysinternals, kazi yote ni mstari mmoja wa amri: unaipa faili la majina, jina la akaunti na nywila mpya. Nimewahi kuifanya kazi hii kwa njia hiyo, nikaridhika nilipoona ujumbe wa kufaulu ukishuka kwenye skrini. Nilikuwa nimeacha nyuma matatizo matatu.

La kwanza ni mashine ambazo hazikuitika. Moja ilikuwa imezimwa, nyingine iko safarini na mwenyewe. Skripti huziruka na kuendelea, na baada ya wiki hakuna anayejua ipi ina nywila ya zamani na ipi ina mpya. Dawa yake ni nyepesi: zilizoshindikana ziandikwe kwenye faili lao, na skripti irudie faili hilo mpaka libaki tupu.

La pili ni nywila kukaa wazi ndani ya skripti. Hata Microsoft walijikwaa hapa. Pamoja na Windows Server 2008 walileta njia ya kusambaza nywila hii kwa sera za mtandao. Nywila ilihifadhiwa kwenye faili ndani ya SYSVOL, folda ambayo kila mtumiaji wa mtandao huo anaweza kuisoma. Ilifichwa kwa AES, njia ya kusimba data, lakini ufunguo wake ulikuwa mmoja kwa dunia nzima, na Microsoft wenyewe waliuchapisha kwenye nyaraka zao. Mei 2014 walitoa sasisho MS14-025 kuziba mlango huo. Sasisho lilizuia kuweka nywila mpya kwa njia hiyo, ila mafaili ya zamani halikuyafuta. Msimamizi asiyeyatafuta na kuyaondoa, bado anayo.

La tatu ndilo zito kuliko yote: baada ya jasho lote hilo, nywila mpya bado ni moja. Windows haihifadhi nywila yenyewe, huhifadhi heshi yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana nayo, na nywila ileile hutoa heshi ileile. Mdukuzi akishaiteka kompyuta moja na kuichota heshi, anaweza kuitumia kuingilia nyingine bila kuijua nywila. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilionyesha jinsi siri zilizoibwa zinavyoweza kusafiri: vilichota siri za kuingilia kutoka kumbukumbu ya kompyuta iliyoambukizwa, vikazitumia kuzifikia jirani zake kupitia PsExec na WMI, zana zilezile za kazi za wasimamizi. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Suluhisho lililodumu liligeuza mwelekeo wa kazi. Mei 2015 Microsoft walitoa LAPS, zana ya kusimamia nywila hizi za msimamizi, na tangu Aprili 2023 imo ndani ya Windows yenyewe. Hapa hakuna seva inayosukuma nywila kwenda kwenye mashine. Kila kompyuta hutazama tarehe ya mwisho ya nywila yake. Ikifika, hujitungia nyingine ya nasibu, kwa kawaida herufi 14 kila baada ya siku 30. Huiandika kwanza kwenye Active Directory, hifadhi ya akaunti za mtandao iliyoko kwenye seva, ndipo huibadilisha kwake. Ikishindwa kuifikia seva, haibadilishi kitu, inasubiri. Mpangilio huo ndio unaomkinga msimamizi asifungiwe nje na nywila isiyoandikwa popote. Kinachobaki mikononi mwa binadamu ni kuamua nani aruhusiwe kuzisoma nywila hizo, na orodha hiyo ipitiwe mara kwa mara, hasa mtu anapoondoka.

Anayelazimika kuandika skripti yake bado anaweza kufuata misingi hiyohiyo: nywila tofauti kwa kila mashine, iandikwe mahali salama kabla ya kubadilishwa, na ihakikiwe baadaye. Akimaliza, achague kompyuta mbili zozote, achukue nywila ya moja na kuijaribu kwenye nyingine. Ikifungua, yule aliyeondoka amefungiwa nje, lakini mlango wa mdukuzi uko wazi kama ulivyokuwa jana.