Umbo na Matumizi katika Uhamishaji wa Maana: Uhakiki wa Mzinga, Bomba, Mtungi na Mcheduara

Msamiati wa vitu vyenye umbo la mcheduara huweza kuchukuliwa kuwa orodha ya majina ya vyombo tu. Mtazamo huo hautoshi, kwa kuwa hauelezi ni sifa ipi inayobebwa na neno linapopata maana mpya: umbo au matumizi.

Mzinga wa asili ni kipande cha gogo kilichotobolewa kiwe makao ya nyuki. Neno hilohilo hutaja silaha kubwa ya kurushia makombora. Baina ya asali na baruti hakuna uhusiano wa kimatumizi. Kilichovusha maana ni umbo, yaani mwili mrefu wa mviringo wenye uwazi ndani. Hata hivyo, sanduku la mbao la kufugia nyuki nalo huitwa mzinga wa kisasa, ingawa lina pembe. Hapo umbo limeachwa na matumizi yamebaki. Kwa hiyo, kamusi inayotenga nyuki na silaha kuwa homonimu hupoteza uhusiano wa maana, na inayofafanua mzinga kwa umbo pekee hushindwa kulieleza sanduku.

Bomba, neno la asili ya Kireno, liliingia na maana ya kifaa cha kuvuta au kusukuma maji. Maana hiyo ingalipo katika bomba la sindano, lakini bomba la moshi halisukumi chochote. Umbo ndilo lililobaki. Mtungi umekwenda kinyume: kutoka chombo cha udongo chenye tumbo la duara hadi mtungi wa gesi wa chuma, ukishikilia kazi ya kuhifadhi.

Katika muktadha huo, mcheduara, uliojengwa kwa mche na duara sambamba na mchemraba, una ubora ambao silinda haina. Silinda imekwisha kufungamana na injini, ilhali mcheduara hautaji kazi yoyote. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi aliyezoea mche wa mti huenda asiutambue ule wa sabuni, ambao ndio msingi wa istilahi hiyo. Udhaifu huo hurekebishwa kwa fasili, si kwa kuliacha neno. Fasili ya kamusi inapaswa kubainisha, kwa kila maana, sifa iliyoizaa.