Palu Inakula Nini

Mtoto wa Kamango, mashariki mwa Kongo, akiletwa kituo cha afya amelegea kwa palu (malaria), muuguzi makini humtoboa kidole kwa vipimo viwili: cha vijidudu na cha sukari. Sukari ikishuka chini ya miligramu 40 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani (OMS) huuhesabu ugonjwa kuwa mkali. Sababu mojawapo ya sukari kushuka ni ulafi wa kijidudu cha palu, Plasmodium falciparum: ndani ya chembe nyekundu za damu huvunja glukosi nusunusu tu, kikapata ATP 2 (sarafu ya nishati ya seli) kwa kila molekuli na kutupa asidi ya laktiki. Ni ubadhirifu, ila mlipaji ni mwenye damu.

Upande wa amino asidi, kijidudu ni mjanja zaidi. Humeza hemoglobini, huikatakata ndani ya kifuko chenye asidi, hutumia sehemu ndogo kujengea protini zake na nyingi huzitema nje. Lakini hemoglobini ya mtu mzima, yenye amino asidi 574, haina isoleusini hata moja. Hiyo lazima itoke kwenye majimaji ya damu.

Maabara ya Daniel Goldberg, mjini St. Louis, Marekani, ilipima jambo hili kwa kuondoa chakula. Tangu Trager na Jensen walipofaulu kuotesha kijidudu hiki mfululizo mwaka 1976, kilikuwa kikilishwa amino asidi za aina nyingi. Mwaka 2006 Goldberg na wenzake walibakiza isoleusini peke yake, kikaendelea kukua. Mwaka 2012 walionyesha upande wa pili: kikinyimwa isoleusini hakifi, kinapunguza mwendo na kungoja, na kikirudishiwa kinaendelea na mzunguko wake. Kwa hiyo nina shaka na dawa itakayotegemea kuziba njia ya isoleusini tu. Kijidudu kilicholala bado ni kijidudu.

Dawa ya artemisinini imefaulu kwa njia nyingine: huamshwa na hemu, ile sehemu yenye chuma inayobaki hemoglobini ikisagwa. Anayekula sana ndiye anayejiumiza. Ndiyo maana mabadiliko ya jeni ya Kelch13 yanatisha: kijidudu kichanga chenye mabadiliko hayo humeza hemoglobini kidogo zaidi, na dawa inakosa cha kuiamsha. Yalithibitishwa Rwanda mwaka 2020 na kaskazini mwa Uganda mwaka 2021. Kutoka Kamango, mpaka wa Uganda uko pale Nobili, na watu huuvuka kila siku.