Anwani Moja kwa Nyumba Nzima: Kazi ya Jedwali la Ruta

Anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Wahandisi walitambua mapema kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha RFC 1631, waraka uliopendekeza dawa ya muda: mtandao wa ndani uwe na anwani zake, na ruta ya mpakani izibadilishe pakiti zinapotoka. Mwaka 1996 RFC 1918 ikatenga anwani za matumizi ya ndani, zikiwamo zinazoanza na 10 na 192.168. Dawa hiyo ya muda ingali inatumika majumbani, na hata simu inayogawia kompyuta bando lake hufanya kazi hiyo hiyo. Naona kilichoidumisha ni kumbukumbu ya ruta. Kubadilisha anwani ni kazi nyepesi. Kukumbuka nani aliomba nini ndiko kwenye nguvu yake, na ndiko unakotoka udhaifu wake.

Tuseme kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 inaomba ukurasa kwa kutumia poti 51000. Ruta inafuta anwani hiyo, inaandika ya kwake ya nje, kisha inaweka mstari katika jedwali lake. Simu yenye 192.168.1.11 nayo ikichagua poti 51000 kwenda seva ile ile, ruta huipa poti nyingine, tuseme 51001, na majibu hayagongani. Ni kama shule yenye S.L.P. moja: barua zote hufika sanduku moja, karani ndiye ajuaye ya nani ni ipi. Katika Linux mtu huhitaji mambo mawili: kuiruhusu kerneli kupitisha pakiti za wengine, yaani ip_forward iwe 1, na kanuni ya MASQUERADE kwenye njia ya kutokea. Hapa pana ushahidi ambao wengi huupita. Kanuni hiyo huulizwa kwa pakiti ya kwanza tu ya kila mawasiliano; zinazofuata hushughulikiwa kwa kutazama jedwali.

Wapinzani husema mpango huu umeharibu msingi wa intaneti, kwamba ncha mbili ziwasiliane bila mtu wa kati kujua habari zao. Wana haki. Ruta ikizimika jedwali hufutika, na mawasiliano hukatika ingawa pande zote mbili ni nzima. FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, hutaja anwani ndani ya ujumbe wenyewe, hivyo ruta hulazimika kuchungulia yasiyoihusu. Programu za simu za sauti nazo hutuma pakiti tupu kila mara ili mstari wao usifutwe. Lakini mbadala wake, toleo la sita, lilichapishwa mara ya kwanza 1995 na linataka kila upande ubadilike. Jedwali halikumwomba mtu ruhusa: seva hazikuguswa, kompyuta za ndani hazikuguswa, ni kifaa kimoja tu kilichofundishwa kazi mpya. Mbele ya faida hiyo, usafi wa usanifu haukuwa na wateja.

Utetezi mwingine, kwamba tafsiri ya anwani ni ulinzi, siukubali. Pakiti ngeni hukosa njia ya kuingia kwa sababu haina mstari katika jedwali, na programu ya kuchuja pakiti inaweza kuweka jedwali kama hilo bila kubadilisha anwani yoyote. Ulinzi ni wa kumbukumbu, sifa ikapewa tafsiri.

Sasa kumbukumbu hiyo inahama. AFRINIC, inayogawa anwani barani Afrika, hutoa za toleo la nne kwa kibaba tangu 2017, na watoa huduma wengi hutafsiri tena anwani za wateja wao kwa pamoja. Aprili 2012 RFC 6598 ilitenga 100.64.0.0/10 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ukitaka kamera ya nyumbani ifikiwe kutoka nje, fungua kwanza ukurasa wa ruta yako uone anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kufungua poti kwako hakutasaidia: jedwali linaloamua liko kwa mtoa huduma, na ni yeye wa kuombwa anwani ya umma.