Steringi Anakufa Mwanzoni

Kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu mtaani, kina kanuni yake: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa kamba, lakini hafi. Filamu ya katuni ya Kijapani Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, inaivunja kanuni hiyo hujakaa vizuri. Seita, kijana wa miaka 14, anakufa ameegemea nguzo katika stesheni ya Sannomiya mjini Kobe, tarehe 21 Septemba 1945, na tarehe hiyo anatutajia mwenyewe. Mfagizi anampekua, anakuta kopo la peremende, analirusha nje gizani. Vipande vya mifupa ya mdogo wake vinamwagika.

Watu husema inaliza kwa sababu mtoto anakufa. Watoto hufa katika filamu nyingi na bado tunaendelea kutafuna karanga. Hapa kinacholiza ni hesabu. Mwongozaji Isao Takahata ametupa jumla kwanza, kisha anarudi nyuma kuonyesha kila kitu kilivyopungua. Hakuna tena wa kujiuliza mwisho utakuwaje. Kila mtu anahesabu kilichobaki.

Lifuate lile kopo. Linatoka limejaa katika akiba ambayo familia ilifukia ardhini, baada ya ndege za Marekani kuichoma Kobe tarehe 5 Juni. Setsuko, mdogo wake Seita mwenye miaka minne, anapewa peremende moja na furaha inamrusha. Siku zinakwenda, kopo linabaki tupu. Kaka analitia maji, analitikisa, mtoto anakunywa na kuanza kutaja ladha za matunda yote yaliyokuwamo. Karibu na mwisho wake anamung'unya vigololi bapa vya kioo akidhani ni peremende. Wakati wote huo wewe unajua kopo litakuja kubeba nini. Fedha nazo zinakwenda hivyo hivyo: mama aliacha yeni 7,000 benki, na Seita anapochukua 3,000 za mwisho ili anunue chakula cha maana, dada yake hana tena nguvu ya kula.

Ufundi wa pili uko kwenye sauti. Desturi ya Wajapani ni kuchora kwanza, kisha waigizaji wakaingiza maneno juu ya picha. Kwa Setsuko walifanya kinyume: Ayano Shiraishi, mtoto wa miaka mitano, alirekodiwa kwanza, wachoraji wakaufuata mdomo wake. Ndiyo maana Setsuko anakatiza sentensi, anavuta pumzi mahali pasipotarajiwa, analalamika kama mtoto wa jirani. Fundi wa kutafsiri filamu kibandani angepata taabu hapa, maana hakuna pengo la kutia mbwembwe. Hata mistari inayozunguka nyuso imechorwa kwa kahawia badala ya nyeusi, basi ngozi zao zinaonekana laini, za watu.

Shangazi anayewapokea huwa anatukanwa sana na watazamaji. Mimi namwona kama karani wa chungu. Binti yake na mpangaji wanafanya kazi, wanapakuliwa wali. Seita na Setsuko wanapata mchuzi mwepesi. Takahata hakumpa sura ya shetani, na kosa la kiburi cha Seita, anapomchukua mdogo wake wakaishi pangoni, hakulificha.

Anayeitazama akiwa Dodoma ana kipimo cha karibu cha njaa ya vita. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya mapigano ya Kondoa-Irangi, majeshi ya Uingereza yaliingia Dodoma mwezi Julai. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waliowafuata nao walikuwa na matumbo. Mvua zilipokosekana, vihenge havikuwa na akiba wala mazizi hayakuwa na cha kubadilishana na chakula. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000 hivi wa wilaya ya Dodoma. Waliofikwa na risasi ni wachache ukilinganisha na waliofikwa na chungu kitupu.

Takahata mwenyewe alinusurika mabomu ya Okayama Juni 1945 akiwa na miaka tisa, na Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi yenyewe mwaka 1967, alifiwa na mdogo wake kwa utapiamlo. Hata hivyo, mabomu yanachukua sehemu ndogo tu ya dakika 89. Zilizobaki ni za jikoni, benki, shambani kwa watu na kwa daktari, ambaye anasema mtoto anahitaji lishe bila kusema itoke wapi. Anayetaka kuichora Mtunya, basi, asianze na askari wa Kijerumani juu ya farasi. Aanze na kihenge ndani ya tembe, atuonyeshe uwele umefika wapi, kisha kila baada ya dakika chache aturudishe palepale tupime tena.