Okestra na Mji Wake

Husemwa mara nyingi kwamba okestra ni mali ya miji mikuu, na kwamba jimbo la mbali halina haja nayo wala uwezo wa kuilisha. Kauli hiyo hukaririwa zaidi inapotajwa miji kama Sumbawanga, iliyo juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Yafaa ipimwe kwa mambo yaliyotokea, si kwa dhana.

Karlovy Vary ni mji mdogo wa magharibi ya Ucheki, uliopata jina kwa chemchemi za maji ya moto yanywewayo kama dawa. Hapo, mwaka 1835, Joseph Labitzky, mpigaji fidla na mtunzi wa muziki wa dansi, aliunda okestra ya kuwastarehesha wageni waliokuja kujitibu. Kazi hiyo haikuwa na utukufu mkubwa, kwani msikilizaji mwenye maradhi ya tumbo si msikilizaji bora. Lakini kupiga siku kwa siku, kwa ujira unaotegemewa, kuliwageuza wapigaji wale kuwa mafundi. Simfoni ya Tisa ya Antonín Dvořák, iitwayo ya Ulimwengu Mpya, ilisikiwa kwanza New York mwezi wa Desemba 1893. Mwezi wa Julai 1894 okestra ya Karlovy Vary, chini ya August Labitzky mwana wa Joseph, iliipiga mbele ya watu wa mji ule, na Praha, mji mkuu wa nchi ya mtunzi mwenyewe, ukaisikia baadaye. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wakazi wengi wa Karlovy Vary, ambao lugha yao ilikuwa Kijerumani, walifukuzwa nchini. Mji ulibadili watu, lakini okestra haikufa. Maji yaliendelea kuchemka, wageni wakaendelea kuja, na muziki ukaendelea kuwa na kazi.

Afrika Mashariki ina mfano ulio karibu zaidi nao ni Unguja. Masimulizi ya taarabu huanza na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, na Mohamed bin Ibrahim, aliyepelekwa Kairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi zaidi ya sabini. Huo ulikuwa muziki wa jumba la mfalme. Mwaka 1905 watu wa mjini waliunda chama chao, Nadi Ikhwani Safaa, yaani klabu ya ndugu wa usafi, kwa jina lililoazimwa kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Tangu hapo muziki ule ukawa na nyumba isiyokuwa ya sultani: wanachama, siku za mazoezi, arusi na sikukuu za kupigia, na desturi ya kutunza, ambayo kwayo msikilizaji huinuka na kumpa mwimbaji fedha mbele ya watu wote. Karlovy Vary ilikuwa na chemchemi; Unguja ilikuwa na arusi.

Kasoro moja ya Ikhwani Safaa haiwezi kufichwa. Kwa miaka mingi waliimba kwa Kiarabu, wakiiga nyimbo za Misri, na wengi wa wale waliosimama nje ya dirisha hawakujua kinachoimbwa. Kuiga peke yake si aibu, maana mwanafunzi asiyeiga hana anachojifunza. Aibu ni kukawia shuleni. Aliyewatangulia kutoka ni Siti binti Saad, mwanamke wa asili ya ufukara, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay na kikundi kidogo kurekodi nyimbo kwa Kiswahili katika santuri. Shaaban Robert aliona jambo hilo kuwa kubwa hata akaandika wasifu wake. Okestra kubwa ilikuja kuifuata njia ya kikundi kidogo: katika miaka ya 1950 Kiswahili kilishika nafasi yake katika nyimbo za klabu, huku safu za fidla zikiongezeka kwa mfano wa okestra zilizomsindikiza Umm Kulthum. Baada ya Mapinduzi ya 1964 klabu ilijulikana kwa jina la mtaa wake, Malindi, kisha ikalirudia jina lake la kwanza, na mwaka 2005 ilitimiza miaka 100.

Wako wasomi wanaosita kukiita chama hicho okestra, kwa hoja kwamba fidla zake zote huandama wimbo mmoja. Ni kweli kwamba okestra ya Kicheki hugawa sauti: fidla zasema hili, filimbi zajibu lile, na besi yashika jingine chini yao. Katika taarabu ya kale kila mpigaji huufuata wimbo ule ule, akiupamba kwa namna ya ala yake, na uzuri wake hutokana na tofauti ndogo baina ya pambo na pambo. Hoja hiyo ni dhaifu. Kinachoifanya okestra ni watu wengi kukubali kusikilizana chini ya mkono mmoja, na jambo hilo Unguja walilijua vizuri.

Hapo ndipo Ufipa huingia katika mjadala, na huingia kwa mlango usiotazamiwa. Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kazi yao ikaenea hata uwandani. Pamoja na dini ilikuja kwaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulipofungua mlango wa lugha za wenyeji katika Misa, kwaya za Kiswahili zilipata nguvu mpya kote Tanzania. Mwimbaji wa kwaya ya parokia, awe mkulima wa mahindi au mwalimu wa shule, husoma nota zilizoandikwa kwa herufi za do, re, mi, na hujua kushika sauti yake ya pili au ya tatu wakati jirani yake anaimba nyingine. Basi katika jambo lile hasa linaloitenga okestra ya Kicheki na taarabu, yaani mgawanyo wa sauti, mwanakwaya wa Sumbawanga yu karibu na Karlovy Vary kuliko alivyo mpigaji wa Malindi. Anachokosa ni ala na mwalimu wa ala.

Na hatari iliyopo ni moja kwa pande zote mbili. Tangu miaka ya 1990 kinanda cha umeme kimeshika mahali pa fidla katika taarabu ya kisasa. Katika kwaya nyingi nchini chombo hicho hicho, chenye midundo iliyokwisha kutiwa kiwandani, huwaondolea waimbaji hata haja ya kushika mwendo wenyewe. Ni rahisi kukilaumu. Lakini kinanda kimoja huliwa na mtu mmoja, na fidla kumi zahitaji kulishwa watu kumi. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002 ili ufundi wa kanuni, udi na fidla usife na wazee, kilifika mwaka 2019 ukingoni mwa kufungwa kwa uhaba wa fedha. Ikiwa hali ni hiyo katika mji unaopokea watalii, msemaji wa Sumbawanga hana budi kuhesabu kwa makini.

Hesabu hiyo haianzi na ukumbi wala na simfoni ya Dvořák. Yaanza na mwalimu mmoja wa fidla mwenye mshahara wa mwaka mzima, vijana wachache waliokwisha kufunzwa sauti kwaya, na nyuzi za akiba, kwa kuwa uzi ukikatika uwandani hakuna duka la jirani. Nani amlipe mwalimu huyo, parokia, manispaa au wafanya biashara wa mahindi, ndilo swali ambalo Unguja ililijibu kwa ada za wanachama na fedha za arusi, na Karlovy Vary kwa wageni wa chemchemi. Arusi Ufipa zipo, na huhudhuriwa na watu wengi.